Kupima idara ya rasilimali watu: ukaguzi wa mafaili, takwimu, dodoso au hesabu ya fedha?

Bodi inapouliza "idara ya rasilimali watu inatusaidia nini?", mara nyingi nyuma ya swali hilo kuna jambo jingine lisilosemwa. Anayeuliza ameumizwa na shauri lililopotea mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Au amechoka kuona mafundi wakiondoka kila baada ya miezi mitatu. Au anatafuta pa kupunguzia gharama. Hayo ni maswali matatu tofauti, na hakuna kipimo kimoja kinachoyajibu yote. Kipimo kinachofaa swali la kwanza kinaweza kutoa jibu la uongo kwa swali la tatu.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua njia, andikeni sentensi moja: tukishapata matokeo, tutaamua nini? Ikiwa sentensi hiyo haiandikiki, ahirisheni tathmini. Itatumia muda wa watu na kuwatia hofu wafanyakazi bila kubadilisha lolote.

Njia zinazotumika zaidi ni hizi tano. Makadirio ya kazi ni ya kampuni ya Tanzania Bara yenye wafanyakazi wapatao 180 na maofisa rasilimali watu watatu. Kampuni hiyo ni ya mfano tu, na ndiyo tutakayoitumia hadi mwisho.

| Njia | Swali inalolijibu vizuri | Kazi yake | Inapodanganya |
|---|---|---|---|
| Ukaguzi wa mafaili | Tuko salama kisheria? Kazi za msingi zinafanyika? | Watu 2, siku 5 hadi 8 | Faili safi, huduma mbovu |
| Takwimu | Mambo yanaelekea wapi? | Wiki 2 za kuanzisha, kisha saa chache kila mwezi | Namba ikishageuzwa kuwa shabaha ya bonasi |
| Dodoso | Wanaohudumiwa wanaonaje? | Wiki 3 hadi 4 | Woga, au idara kuchukiwa kwa kutenda haki |
| Daftari la muda | Nguvu za idara zinaishia wapi? | Wiki 2 | Likijazwa Ijumaa jioni kwa kukumbuka |
| Hesabu ya fedha | Mradi huu mmoja umelipa? | Inategemea mradi | Faida ya soko kuhesabiwa kuwa ya idara |

Ukaguzi wa mafaili

Ukaguzi huuliza: kilichotakiwa kufanyika kimefanyika, na ushahidi wake uko wapi? Watu hawaupendi kwa sababu ni kazi ya karatasi na hauna michoro ya kuonyesha kikaoni. Hata hivyo, kwa kampuni nyingi za ukubwa wa kati, hakuna njia inayorudisha gharama yake haraka kama hii.

Mafaili 30 yanatosha, ila idara isiyachague yenyewe. Yachagueni kutoka kwenye orodha ya mishahara. Mkianzia kabatini, faili lisilokuwepo halitajulikana kamwe kwamba halipo. Mgawanyo unaofaa ni mafaili 8 ya walioajiriwa ndani ya miezi 12 iliyopita, 8 ya wenye zaidi ya miaka 5 kazini, 6 ya wenye mikataba ya muda maalumu, na 8 ya walioondoka, wakiwemo angalau wanne walioachishwa. Walioondoka hamtawaona kwenye orodha ya sasa. Chukueni orodha ya mishahara ya mwaka mmoja uliopita, muiweke kando ya ya mwezi huu, na muone majina yaliyotoweka.

Kwenye kila faili, anzeni na kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Kinataka maelezo ya maandishi: jina, umri, anwani ya kudumu na jinsia, mahali mtu alipoajiriwa, maelezo ya kazi, tarehe ya kuanza, aina na muda wa mkataba, kituo cha kazi, saa za kazi, ujira na namna unavyokokotolewa. Kifungu hichohicho kinasema mwajiri akishindwa kuutoa mkataba kwenye shauri, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa unakuwa wake. Maelezo hayo yanatakiwa kutunzwa miaka 5 baada ya ajira kukoma, kwa hiyo idara inayochoma mafaili ya zamani ili kupata nafasi kabatini inachoma utetezi wa kampuni.

Kipengele kinachoachwa wazi mara nyingi ni mahali alipoajiriwa. Kinaonekana kidogo, lakini kina gharama ndani yake. Mtu aliyeajiriwa Mwanza na ajira yake ikakoma akiwa Mtwara ana haki ya kurudishwa alikoajiriwa pamoja na mizigo yake, au kulipwa usafiri huo, pamoja na fedha ya kujikimu kwa siku zinazopita kati ya ajira kukoma na kusafirishwa. Kila wiki ya ubishi kuhusu "uliajiriwa wapi hasa" inaongeza deni.

Kwenye mikataba ya muda maalumu angalieni tarehe mbili tu: tarehe ya mwisho wa mkataba, na tarehe mkataba mpya uliposainiwa. Pakiwa na pengo huku mtu anaendelea kufanya kazi na kulipwa, mkataba unaweza kuhesabiwa kuwa umejihuisha wenyewe, na kumwondoa baadaye kwa kusema "muda wako uliisha" hakutasimama. Tatizo hili si la uzembe peke yake. Mara nyingi hakuna aliyepewa jukumu la kuangalia tarehe. Idara inayofanya kazi vizuri ina orodha ya mikataba iliyopangwa kwa tarehe ya kuisha, na mkuu wa idara husika anaulizwa siku 60 kabla: unaendelea naye au la?

Tumieni muda mwingi zaidi kwenye mafaili ya walioachishwa. Sheria inataka sababu halali na utaratibu wa haki, vyote viwili, na anayetakiwa kuthibitisha ni mwajiri. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinaeleza utaratibu huo, na faili linapaswa kuonyesha hatua zake kwa mfululizo: uchunguzi, barua ya tuhuma inayoeleweka kwa anayetuhumiwa, wito wa kikao cha nidhamu unaompa muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, nafasi ya kuja na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzake, mwenyekiti wa kikao ambaye hakuhusika na tukio, muhtasari wa kikao uliosainiwa, uamuzi wenye sababu, na maelezo ya haki ya kukata rufaa. Pangeni tarehe zote kwenye mstari mmoja. Kasoro ya kawaida ni wito uliosainiwa asubuhi ya siku ileile ya kikao. Ya pili ni mkuu wa idara aliyeleta mashtaka kuonekana tena kama mwenyekiti. Katika hali zote mbili kampuni inaweza kuwa na sababu nzuri kabisa ya kumwachisha mtu, hata aliyeiba, na bado ikashindwa.

Halafu yaja makato. Chukueni miezi 6 mfululizo na linganisheni orodha tatu jina kwa jina: orodha ya mishahara, orodha iliyopelekwa NSSF, na watu wanaoonekana kazini. Kodi ya mishahara na tozo ya kuendeleza ujuzi hulipwa TRA ifikapo tarehe 7 ya mwezi unaofuata. Michango ya NSSF inatakiwa ndani ya mwezi mmoja baada ya mwezi wa mshahara, na marejesho ya mikopo ya elimu ya juu, asilimia 15 ya mshahara wa msingi, hupelekwa HESLB ndani ya siku 15 baada ya mwisho wa mwezi. Angalieni tarehe ya risiti. Tarehe ya barua ya idara kwenda kwa mhasibu haitoshi. Uhakiki wa wafanyakazi hewa serikalini mwaka 2016 uliwafundisha wengi kazi hii ya kuhesabu vichwa dhidi ya majina, na kampuni binafsi haina kinga dhidi ya ugonjwa huo, hasa yenye matawi mikoani na vibarua wanaobadilika.

Msitoe alama ya jumla kwa asilimia. "Tumefikia asilimia 92" inasikika vizuri wakati asilimia 8 iliyobaki ni vikao vya nidhamu visivyofanyika. Gaweni matokeo mafungu matatu: kipo na kiko sawa, kipo lakini kimechelewa au kimekosewa, hakipo. Kisha kila kisichokuwepo kiandikiwe hatari yake: kinaweza kuleta faini, kinaweza kupoteza shauri, au kinaudhi tu.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba inaona yaliyoandikwa tu. Mfanyakazi anaweza kuwa na faili kamili huku akisubiri wiki tatu kujibiwa kuhusu mshahara uliopungua.

Takwimu

Hapa makosa ni mengi zaidi, kwa sababu namba huleta imani hata zikiwa hazina maana. Chukueni chache, tano zinatosha, na kila moja iwe na kanuni iliyoandikwa ambayo haitabadilishwa katikati ya mwaka.

Inayopendwa zaidi ni kiwango cha watu kuondoka: walioondoka gawanya kwa wastani wa idadi ya wafanyakazi, mara 100. Tuseme kwenye kampuni yetu ya mfano wameondoka 27 kwa mwaka. Hiyo ni asilimia 15, na peke yake haisemi chochote kuhusu idara. Ichambueni. Kati ya 27, mikataba 9 iliisha, 6 waliachishwa, 12 waliondoka kwa hiari. Walioondoka kwa hiari ni asilimia 6.7. Kati ya hao 12, wanane waliondoka kabla ya kumaliza miezi sita. Sasa mnaanza kuona kitu: mtu anayeondoka mapema hivyo mara nyingi aliambiwa kazi moja akakuta nyingine, au hakupokelewa vizuri. Hayo yako mikononi mwa idara. Lakini kama watano kati ya wanane walitoka kwenye karakana moja, mwangalieni kwanza msimamizi wa karakana. Na kama wote wanahamia kwa washindani wanaolipa zaidi, hilo ni la bodi iliyopanga viwango vya mishahara. Kuihukumu idara kwa asilimia 15 nzima ni dhuluma, na idara ikishajua itahukumiwa hivyo itaanza kuwabembeleza watu wasiofaa wabaki.

Namba ya pili ni siku za kujaza nafasi. Kubalianeni saa inaanza lini: siku mkuu wa idara alipowasilisha ombi lililosainiwa, hadi siku mtu anapokaa kwenye kiti. Tuseme nafasi tisa za mwaka zilichukua siku 21, 24, 28, 30, 33, 35, 41, 60 na 124. Wastani ni siku 44. Lakini ya katikati, mkizipanga kutoka ndogo hadi kubwa, ni 33. Nafasi moja ya siku 124, pengine ya mhandisi adimu, imeuvuta wastani wote juu. Ripotini ya katikati, kisha muieleze hiyo moja peke yake. Gaweni pia muda: siku ngapi ombi lilikaa mezani kwa mkurugenzi, siku ngapi za tangazo na usaili, siku ngapi za kumsubiri mtu aage anakotoka. Anayelipwa kwa mwezi hutakiwa kutoa notisi isiyopungua siku 28, kwa hiyo shabaha ya "tujaze kila nafasi ndani ya siku 20" inawalazimisha kuajiri wasio na kazi peke yao, au wanaoacha kazi bila kuaga. Wa aina hiyo ya pili wataondoka kwenu vilevile.

Namba hii isitembee peke yake. Iwekeni sambamba na idadi ya walioajiriwa ambao bado wapo baada ya miezi sita. Idara ikiharakisha ili ipate alama, namba ya pili itaanguka na mtaona.

Ya tatu ni makosa ya mishahara. Watu 180 kwa miezi 12 ni slipu 2,160. Kama 43 zilirekebishwa baada ya malipo, ni asilimia 2. Lililo muhimu kuliko asilimia hiyo ni nani aliyegundua kosa. Kosa lililogunduliwa na idara kabla mfanyakazi hajaliona ni ishara ya mfumo unaofanya kazi. Lililogunduliwa na mfanyakazi limeshaharibu imani. Rekodini pia chanzo: saa za ziada zilizoletwa kwa kuchelewa, mtu mpya aliyeingizwa baada ya orodha kufungwa, makato ya mkopo uliokwisha. Mengi ya makosa ya namna hii huanzia kwa wakuu wa idara wanaoleta karatasi za saa siku moja kabla ya malipo, na dawa yake ni tarehe ya kufunga inayoheshimiwa, kwa mfano tarehe 18 ya kila mwezi.

Ya nne ni likizo zilizolimbikizwa. Sheria inatoa siku 28 mfululizo kwa mwaka, na mwajiri anatakiwa kupanga zichukuliwe si zaidi ya miezi 6 baada ya mzunguko wa likizo kwisha, au 12 mfanyakazi akikubali na kazi ikihitaji. Hesabuni ni wangapi wamepita hapo. Kila likizo nzima ambayo haijachukuliwa ni karibu mshahara wa mwezi mmoja unaoweza kuzua mgogoro siku mtu akiondoka, na pia ni dalili kwamba idara haina sauti mbele ya wakuu wa idara.

Ya tano ni migogoro iliyofika CMA na namna ilivyoisha. Tahadhari moja: sifuri si habari njema moja kwa moja. Inaweza kuwa kila mtu anatendewa haki. Inaweza pia kuwa kampuni inatumia vibarua kupitia wakala, ambao wakiondolewa hawajui pa kudai, au siku 30 za kulalamikia kuachishwa kazi zinawapita. Somani sifuri hiyo pamoja na idadi ya malalamiko ya ndani. Sehemu isiyo na malalamiko yoyote, wala ya ndani wala ya nje, inahitaji mtu wa kwenda kusikiliza.

Uwiano wa maofisa rasilimali watu kwa kila wafanyakazi 100 (hapa 1.7) huwekwa sana kwenye ripoti. Unaeleza ukubwa wa idara na hausemi lolote kuhusu ubora wake. Uacheni, isipokuwa mnapanga bajeti.

Dodoso

Dodoso zuri la kupima idara linauliza huduma. Linaloulizwa mara nyingi ni "unaipenda kampuni?", na jibu lake hutegemea mshahara, msimamizi na foleni ya barabarani. Kipimo maarufu cha kumuuliza mtu, kwa alama 0 hadi 10, kama angempendekezea rafiki kufanya kazi hapa kina kasoro hiyohiyo. Wakijibu 120, wakiwemo 42 waliotoa 9 au 10 na 30 waliotoa 0 hadi 6, matokeo ni asilimia 35 kutoa asilimia 25, yaani 10. Ni namba ya kampuni nzima na haifai kubandikwa kwenye mlango wa idara moja.

Ulizeni mambo yanayoshikika. Mshahara ukikosewa, unajua umwendee nani? Mara ya mwisho ulipouliza jambo, ulijibiwa ndani ya siku ngapi? Unaijua idadi ya siku zako za likizo zilizobaki? Ulipoanza kazi, mkataba uliupata kabla au baada ya siku ya kwanza? Ukidhulumiwa na mkuu wako, unaamini kuna pa kwenda bila kuadhibiwa? Maswali 10 hadi 12 yanatosha. Kila swali liulize jambo moja. "Idara inajibu haraka na kwa heshima?" ni maswali mawili, na jibu lake halitafsiriki.

Wakuu wa idara wapewe dodoso lao, fupi zaidi: waliopendekezwa kwa usaili walikuwa na sifa mlizoomba? Mkihitaji ushauri wa nidhamu, mnaupata kabla hamjaharibu? Alama zao zisomwe kwa uangalifu. Ofisa anayemzuia meneja kumfukuza mtu bila kikao atapewa alama mbaya na meneja huyo, ilhali ameiokoa kampuni. Hapa ndipo dodoso linapohitaji ukaguzi wa mafaili kando yake: alama mbaya pamoja na mafaili safi ya nidhamu huenda zikawa sifa.

Mambo ya kutekeleza ndiyo huharibu zaidi. Dodoso lisikusanywe na idara inayopimwa. Kiwandani ambako wengi hawana barua pepe ya kazi, tumieni karatasi na sanduku lililofungwa kwa kufuli, lifunguliwe na mkaguzi wa ndani au mtu wa nje. Kiswahili kiwe cha kawaida. Msionyeshe matokeo ya kundi lenye watu chini ya 8: ukitaja "stoo, wanawake, zaidi ya miaka 10 kazini" umeshamtaja mtu. Wakijibu chini ya nusu, matokeo yasitumike kumhukumu yeyote, na anzeni kuuliza kwa nini watu hawakujibu. Wala msifanye dodoso wiki za bonasi au wiki za kupunguza wafanyakazi.

Sharti la mwisho ni zito kuliko yote: kama bodi haiko tayari kubadilisha hata mambo mawili baada ya majibu, msiulize. Watu wakiulizwa na wasione kitu, mwaka unaofuata watajibu "sawa" kila mahali, na njia hii mtakuwa mmeipoteza kwa muda mrefu.

Daftari la muda na hesabu ya fedha

Daftari la muda halizungumzwi sana, ingawa ndilo bora kwa swali la kupunguza gharama au kukabidhi kazi kwa kampuni ya nje. Kila ofisa anaandika kwa wiki mbili, kila nusu saa, anafanya nini: mishahara, likizo, kuajiri, nidhamu, mafunzo, kujibu maswali, kutafuta karatasi. Wiki moja iwe ya mwisho wa mwezi, nyingine ya katikati, kwa sababu mzigo haufanani. Mara nyingi linaonyesha kwamba idara inayolaumiwa kwa kukosa mkakati inashinda ikijibu swali lilelile la salio la likizo. Suluhisho hapo linaweza kuwa jedwali la likizo linalobandikwa kila mwezi, na hakuna haja ya kubadilisha meneja.

Hesabu ya fedha inavutia wakurugenzi wa fedha. Kanuni inayotajwa sana ni hii: mapato, toa gharama zisizo za wafanyakazi, gawanya kwa gharama za wafanyakazi. Mapato yakiwa shilingi bilioni 9, gharama zote bilioni 8.1, na kati yake za wafanyakazi bilioni 2.4, gharama nyingine ni 5.7, kwa hiyo 3.3 gawanya kwa 2.4, sawa na 1.38. Bei ya dizeli ikishuka mwaka ujao, namba itapanda na idara ya rasilimali watu itasifiwa kwa kazi ya soko la mafuta. Kwa kupima idara, haifai. Inafaa kwa mradi mmoja wenye mwanzo na mwisho, kwa mfano mafunzo ya madereva wa foklifti: gharama ya mafunzo upande mmoja, mizigo iliyoharibika miezi 6 kabla na miezi 6 baada upande mwingine, ikiwezekana mkilinganisha na ghala ambalo bado halijafunzwa.

Kuhusu viwango vya kimataifa: ISO 30414, iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 2018, inaeleza namna ya kuripoti rasilimali watu. Ni mwongozo mzuri wa kuchagulia vipimo. Kwa kampuni ya watu 180, kuutekeleza wote ni kuongeza mzigo kwa idara ambayo tayari haina muda.

Nani apime

Idara ikijipima yenyewe ni nafuu na inajifunza, lakini kwenye ukaguzi wa nidhamu na dodoso haitoshi. Mkaguzi wa ndani anajua kusoma ushahidi na hapati shida kuomba risiti. Udhaifu wake ni sheria za kazi, kwa hiyo mpeni wakili au mshauri wa siku mbili kwa mafaili ya walioachishwa. Mshauri wa nje wa kazi nzima anafaa pale uhusiano kati ya meneja rasilimali watu na mkurugenzi umeshavunjika, kwa sababu hapo hakuna wa ndani atakayeaminiwa na pande zote. Mwombeni aonyeshe mapema orodha ya atakayokagua. Anayekuja na dodoso lililotengenezwa tayari kwa nchi nyingine, lisilotaja CMA, NSSF wala Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), hajajiandaa.

Yeyote atakayeshika mafaili asaini ahadi ya siri. Taarifa za afya zilizomo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mkaguzi hahitaji kusoma ugonjwa wa mtu ili kujua kwamba likizo ya ugonjwa ilihesabiwa sawa: siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu.

Kwa waajiri wa Kenya mpangilio ni uleule, ila vipimo vya sheria vinabadilika: Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, likizo isiyopungua siku 21 za kazi, makato mengi ya mshahara kufika tarehe 9 ya mwezi unaofuata, na kifungu cha 41 kinachotaka mfanyakazi aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, akiwa na mwenzake au mwakilishi wa chama.

Tungechagua hivi

Chini ya wafanyakazi 50: ukaguzi wa mafaili yote mara moja kwa mwaka, na hesabu ya makosa ya mishahara. Dodoso liacheni, kwani kwa idadi hiyo hakuna siri. Zungumzeni na watu ana kwa ana, kupitia mtu wanayemwamini.

Kati ya 50 na 300, kama kampuni yetu ya mfano: ukaguzi wa sampuli kila mwaka, namba tano kila robo mwaka, dodoso la wakuu wa idara kila mwaka, la wafanyakazi kila baada ya miaka miwili. Zaidi ya 300, au kukiwa na matawi, kila tawi lihesabiwe peke yake. Makao makuu Dar es Salaam yanaweza kuwa safi huku tawi la mbali likiajiri kwa mdomo.

Tatizo likiwa ni mashauri, anzeni na mafaili ya walioachishwa na msiende kwingine hadi yaishe. Tatizo likiwa ni watu kuondoka, anzeni na uchambuzi wa walioondoka kwa muda waliokaa na kwa mkuu wa idara. Mkitaka kupunguza idara, anzeni na daftari la muda, na msilichanganye na dodoso, kwa sababu hofu ya kupunguzwa itaharibu majibu ya vyote viwili.

Rasimu ya ripoti apewe kwanza meneja rasilimali watu, kwa siku 7 za kazi, ajibu kila hoja kwa maandishi na ushahidi. Karatasi nyingi "zisizokuwepo" hupatikana wiki hiyo, nyingine zikiwa kwenye droo ya mhasibu. Zilizopatikana ziandikwe kuwa zimepatikana nje ya faili, kwa kuwa siku ya shauri hakutakuwa na siku 7 za kuzitafuta. Majibu yake yaambatishwe kama yalivyo, na bodi iyasome pamoja na ripoti kabla ya kuamua lolote juu ya ajira yake.